Kona ya Nne

Asubuhi ya mashindano ya magari, dereva Christiane alininyooshea chupa ya maji, nikasema sina kiu. Jua la Oktoba lilikuwa limekwisha kulainisha lami kabla ya saa nne, na koo langu lilikuwa limekauka. Lakini yeye ni mtoto wa Adalbert, na mimi sisahau. Katika mgomo wetu wa reli, Adalbert alirudi kazini siku ya tatu. Sisi tulikaa na njaa siku arobaini, kisha wakatufukuza. Tangu pale hatukumsalimu, hatukunywa maji yake. Alipokufa sikwenda kwenye kilio.

Nilikuja kuandika gazetini juu ya ile njia ya mbio, upande wa Kasapa. Imetengenezwa upya mara tatu kwenye hotuba, kwenye udongo si hata mara moja. Katika kona ya nne walijaza mashimo kwa changarawe nyeusi za mabaki ya shaba, wakapaka lami juu. Nilichomeka kijiti, kikazama. Nikawaita madereva wote saba waone. Gauthier, rais wa kamati, akasema wageni wamekwisha kukaa, na mwenye kuogopa arudi kwa mama yake. Akakumbusha kwamba mshindi atakwenda kukimbia Ndola, ng'ambo ya mpaka. Hapo hakuna aliyetaka kujitoa tena.

Basi nikawaomba wapatane. Aliye mbele akiona lami inapasuka, atoe mkono dirishani na asimame, na mtu asimpite. Wakakubali. Dédé, ambaye baba yake aligoma pamoja nami, akauliza:

"Na mwenye kuwa mbele akiwa mutoto wa Adalbert?"

Wakacheka. Mimi pia nilicheka. Christiane alifunga kofia yake ya chuma.

Gari lake, Starlet ya zamani, lilichomoka la kwanza, likabaki la kwanza. Watu walijifunika makartoni kichwani, sandali zao zikinasa kwenye lami. Mzunguko wa sita, vipande vyeusi vikaanza kuruka. Ilibaki mizunguko miwili, na Christiane alikuwa amewaacha mbali. Nani angeiacha Ndola? Nikajisemea, leo tutaona damu ya baba yake.

Mkono ukatoka dirishani, vidole vimetanuka. Starlet ikapunguza mwendo, ikasimama kabla ya kona. Watano wakasimama nyuma yake. Dédé akapita majanini. Kwenye kona lami ikajikunja chini ya magurudumu yake kama bukari, ugali wetu, isiyoiva, gari likazunguka mara mbili, likalalia ubavu ndani ya mtaro. Alitoka mwenyewe, kiatu kimoja mguuni, akakaa chini. Wangefika pale wote saba, kwa mwendo ule, sijui tungezika wangapi.

Gauthier akatangaza kwa kipaza sauti kwamba waliosimama wamejitoa, kwa hiyo hakuna mshindi, na hakuna wa Ndola. Hilo nitaliandika mahali pengine, kalamu bado ninayo. Kwanza nilikwenda kwenye Starlet. Boneti ilikuwa wazi, inatoa mvuke. Nikaomba maji.

"Maji iliisha, Papa Sylvain. Radiateur ilikunywa yote."

Hakunitazama. Alipangusa mikono polepole, kisha akasema:

"Ile greve, ile mugomo yenu, mi nilikuwa na miezi mbili, nilikuwa mugonjwa sana. Baba hakunielezaka kitu. Mama ndiye alinielezea. Alisema kila mangaribi baba alikuwa anaweka kiti ya pili ku mulango, anangojea mwenzake wa kazi mwenye angepita."

Kile kiti nakijua. Nilikipita miaka ishirini na tano nikienda nyumbani, na nilidhani anatuonyesha kwamba yeye ana viti viwili.

Nikauliza kama mama yake, Laurentine, angali hai.

"Iko. Na kiti iko."

Nikaenda nyuma ya gari, nikasukuma. Mgongo wangu si wa kazi hiyo tena, lakini nilisukuma mpaka likawaka. Nikaketi kando yake, tukashika njia ya Katuba, kwa Laurentine.