Mlango wa Fundi Ma

Amri ilikuja Jumatatu, na Ma Jong-du aliisoma mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza hakuyaamini macho yake. Helikopta ya mbao ivunjwe, ichomwe yote, banda liwe safi kabla ya tambiko la Ijumaa la kuiombea helikopta mpya ya chuma.

Helikopta hiyo aliiunda yeye. Miaka sita nyuma, kiwanda kilipoanza kubuni helikopta ya kubebea askari, wahandisi walikuwa na michoro tu, na mchoro haukaliki. Ndipo wakamwita yeye, seremala aliyezoea kutengeneza makabati ya maharusi, awaundie mfano wa mbao wenye ukubwa kamili. Askari kumi na sita wakapanda humo na mabegi na bunduki zao, kengele ikalia, wakatoka wote kwa sekunde kumi na saba. Jeshi lilitaka zisizidi ishirini. Siku hiyo Ma alitembea kifua mbele mpaka kwake.

"Ichomwe, kwani imemkosea nani?" alimuuliza Tak Eun-seon, aliyekuwa mhandisi wa milango, ambaye ndiye aliyemletea karatasi ya amri.

Tak alikwepa macho yake. "Mzee Ma, mlango wa chuma siyo sawa na wako tena. Waliongeza tangi la mafuta pembeni. Mlango umepungua upana sentimita ishirini na mbili."

"Sawa. Na jaribio la kutoka lilirudiwa?"

Tak aliinama akafunga kamba ya kiatu.

"Eun-seon, si nakuuliza wewe?"

"Halikurudiwa, mzee. Ripoti inasema sekunde kumi na saba. Zilezile za mbao zako. Nilipinga, wakanihamishia kwenye vipuri."

Hasira zilimpanda Ma hadi masikio yakawaka moto. Kupunguza mlango si dhambi, kazi ndivyo ilivyo, leo unaongeza kesho unakata. Lakini kuzichukua mbao zake, alizozinyoosha kwa mikono yake, wakazitumia kutoa ushahidi wa uongo, kisha wakaamuru shahidi achomwe! Na humo watakaa watoto wa nani? Nchi hii kila nyumba hupeleka kijana jeshini. Mkurugenzi alikuwa na mabinti tu, labda ndiyo maana usingizi ulimjia vizuri.

Alipanda ngazi mpaka ofisini kwa Mkurugenzi Bong bila kuvua aproni.

"Sentimita ishirini na mbili, mzee wangu," Bong alisema huku akimmiminia chai ya shayiri. "Tunazozania kitu ambacho hata upana wa begi hakifiki."

"Begi ndilo linalokwama, Mkurugenzi."

"Wewe ni seremala."

"Ndiyo. Kwa hiyo kipimo nakijua."

Bong akacheka kidogo, kicheko cha kumtoa mtu mlangoni. "Nenda kachome mbao zako. Ijumaa Kanali anasaini kuipokea helikopta, wiki ijayo unastaafu kwa heshima zako. Usijiharibie uzeeni."

Ma akashuka. Siku tatu alipasua na kuchoma, na vijana wa kupaka rangi wakamtania kwamba mzee anachoma mkaa wa kuuza. Kila ubao ulioingia motoni aliutaja kimoyomoyo: kiti cha kwanza, kiti cha pili, dari.

Ijumaa meza ilipangwa mbele ya helikopta mpya: kichwa cha nguruwe kilichochaguliwa kwa kuwa kilionekana kinatabasamu, keki za mchele, matofaa, pombe ya mchele. Wakubwa walivua viatu, wakapiga magoti mkekani mmoja baada ya mwingine, wakachomeka bahasha za fedha mdomoni mwa nguruwe ili chombo kiruke salama. Kando walisimama askari kumi na sita waliokuja na Kanali Pyo kwa ajili ya picha. Mabegi yao yalikuwa yamerundikwa chini. Bong ndiye aliyeomba wayavue, eti picha ipendeze.

"Sasa fundi wetu mkongwe," mshereheshaji akatangaza.

Ma alitokea nyuma ya banda akisukuma mkokoteni. Juu yake palisimama fremu ya mlango, ya mbao, nyeupe kwa kupigwa randa. Aliusukuma mpaka ubavuni mwa helikopta, akaiegemeza fremu kwenye mlango wa chuma. Ilipitiliza upande mmoja kwa shubiri nzima, na kila mtu aliona.

"Kanali," alisema akiigusa fremu ya mbao, "sekunde kumi na saba ni za mlango huu. Huo mwingine hakuna aliyeupima. Mimi simpigii nguruwe magoti kumwombea mtu niliyekwisha kumfungia njia."

"Mzee amechoka jamani," Bong alisema haraka. "Mpeni kiti."

Kanali Pyo alipitisha kiganja kwenye ile shubiri ya mbao iliyozidi. Kisha akawageukia askari wake. "Vaeni mabegi. Pandeni."

Walipanda. Kanali akatoa saa yake na kupiga mluzi. Wawili wa kwanza walifika mlangoni pamoja, kama walivyofundishwa, wakakwama bega kwa bega. Mmoja akasukumwa kutoka nyuma, akadondoka kifudifudi, mwenzake akamwangukia. Wa mwisho aliporuka chini, Kanali akaisimamisha saa.

"Thelathini na nne," alisema. Hati aliyokuja kusaini akaikunja, akaitia mfukoni.

Uso wa Bong ulikuwa umeiva. Alimwendea Ma mbele ya watu wote, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Nilikuagiza uichome yote. Yote!"

Kanali aligeuka taratibu kumtazama. Bong akafumba mdomo, lakini tayari alikuwa amechelewa.

"Nimeichoma, Mkurugenzi," Ma alisema. "Nimebakiza mlango tu. Watoto wa watu lazima watoke."