Seva Iliyoitwa Kolekole

Matano alikuwa na maneno makali juu ya kompyuta, na aliyasema hata kwa watu wasiomuuliza. Alisema seva nzuri ni ile ambayo wafanyakazi wamesahau kwamba ipo. Alisema programu usiyoweza kuifungua ukaona ndani mna nini ni kama sahani uliyoletewa imefunikwa na mtu usiyemjua: utakula, lakini tumbo likikuuma huna wa kumuuliza. Wale waliopenda madirisha ya rangi na kubofyabofya kipanya, alisema wanunuliwe televisheni, kazi waachiwe wanaoitaka.

Alikuwa Mdigo, mzaliwa wa Shika Adabu, Likoni, mtoto wa pekee wa Bi Mwanabibi. Mwishoni mwa miaka ya themanini, Kampuni ya Matangi ya Mwamba huko Changamwe ilinunua seva yake ya kwanza, ikamtuma Nairobi kusomea namna ya kuitunza. Aliporudi alikabidhiwa chumba kisicho na dirisha chenye mtambo wa baridi, na tangu siku hiyo akawa mtu pekee Changamwe aliyekwenda kazini na sweta mkononi. Kila lori lililokuja kujaza mafuta lilipita kwanza ndani ya seva ile: nambari yake, mwenye mali, tangi la kuchotea. Seva ikizimika, malori yanapanga foleni mpaka barabara kuu, na madereva wanaanza kutukana.

Ilikuwa haizimiki. Hilo ndilo lililokuwa fahari yake.

Kampuni ilipopanuka aliletewa mwenzake, Gershom, kijana wa Kakamega aliyekuwa na diploma kama yake na ubishi kuliko wake. Siku ya kwanza tu alitazama skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani akasema, "Kaka, hii ni kompyuta au kaburi?"

"Ni kompyuta," Matano akamjibu. "Wewe umezoea katuni."

Wakapendana hapo hapo. Gershom alikuwa hana pa kulala, Matano akampeleka kwa mama yake, akapewa chumba cha uani. Bi Mwanabibi hakuwahi kukaa na mtu wa bara nyumbani kwake, lakini kabla mwezi haujaisha alikuwa akimwita mwanangu, na Gershom akaacha kusalimu "Habari ya asubuhi, Mama" akajua kusema shikamoo na kungoja aitikiwe ndipo apite. Alifundishwa kula samaki wa nazi bila kukwamwa na miiba, akajifunza na majina yao. Kwa sababu hiyo, kampuni ilipoleta mashine nyingine na watu wa kompyuta wakatakiwa wazipe majina, Gershom mwenyewe ndiye aliyesema ile seva kubwa ya kwanza iitwe Kolekole, na ndogo zilizokuja ziwe Changu na Tasi. Meneja, Bwana Tsofa, Mgiriama aliyekulia Kisauni, alicheka mpaka akavua miwani.

Jumamosi mchana watu wa kompyuta walikuwa wakikutana uani kwa Bi Mwanabibi. Walikuja kutoka bandarini na viwandani. Alikuja Johari, aliyesimamia mashine za kampuni moja ya mizigo karibu na uwanja wa ndege, Port Reitz, naye kwa ubishi hakushindwa na mwanamume yeyote. Walibadilishana disketi. Waliwasema watumiaji wao, jinsi mhasibu fulani alivyoivika skrini yake kitambaa cha kufuma, kikafunika matundu yote ya hewa, ikatoa moshi mbele ya wageni. Walibishana mfumo upi wa kompyuta una akili na upi ni wa wajinga, na ungewasikia kutoka nje ungedhani wanagombania shamba. Bi Mwanabibi akiwaletea chai alikuwa akiuliza, "Leo amekufa nani?"

Lakini chini ya ubishi wote walikuwa na imani moja, na Gershom ndiye aliyekuwa akiisema vizuri. "Mashine haikuulizi kabila," alikuwa akisema. "Haikuulizi baba yako ni nani wala umekuja mjini na basi gani. Inakuuliza jina na neno la siri. Ukiwa nayo, pita." Wote waliitikia kwa vichwa. Waliona wamejengewa nchi yao ndani ya nchi.

Kolekole ilikuwa na neno la siri kuu, lile la kufungulia kila kitu, nalo walilijua wawili tu, Matano na Gershom. Walilibadilisha pamoja, mmoja akiandika na mwingine akitazama.

Mwaka wa tisini na saba ulikuwa wa uchaguzi. Vikaratasi vilianza kuonekana Likoni vikiwaambia watu wa bara warudi kwao. Matano alikichana kimoja kilichobandikwa kwenye ukuta wa msikiti, akasema ni upuzi wa wanasiasa. Jumamosi ile watu waliokuja uani walikuwa wachache, na ubishi haukunoga.

Agosti Likoni ikawaka. Vijana wenye silaha walivamia kituo cha polisi, kisha wakaingia mitaani kuwatafuta wabara. Walipofika Shika Adabu, Bi Mwanabibi alimvuta Gershom kutoka uani, akamwingiza chumbani kwake, akamlaza sakafuni baina ya kitanda na ukuta, akamwangushia mikeka na nguo za kufua. Kisha akakaa mlangoni na tasbihi. Matano alisimama kizingitini.

Walikuja na mienge. "Yule mbara wenu yuko wapi?" mmoja akauliza.

"Amekwenda zake Changamwe," Matano akasema.

"Wewe mtoto wa hapa. Usituchezee."

"Hapa ni kwangu," Bi Mwanabibi akasema kwa upole. "Mna haja ya kuingia chumbani mwa mjane?"

Hawakuingia. Walikwenda uani wakakitia moto chumba cha Gershom, pamoja na vitabu vyake na kompyuta waliyoiunga wao wawili kwa vipande vilivyotupwa na kampuni. Gershom aliusikia moto ukila mlango wake. Asubuhi Matano alimvisha kanzu yake na kofia, wakaenda mpaka kwenye feri kwa miguu. Pale walikuta umati wa watu wenye magodoro vichwani. Gershom alimshika Matano mkono, akataka kusema jambo, halafu akaingia ndani ya feri bila kulisema. Baadaye zikaja habari kwamba shemeji yake, fundi viatu wa hapo Likoni, mdogo wa mke aliyemwacha kwao Kakamega, ameuawa.

Siku zilizofuata ikawa zamu ya vijana wa Kidigo kusakwa. Askari waliingia nyumba kwa nyumba. Matano naye wakamchukua, wakampiga, wakamwachilia bila kumwambia kosa. Alikaa kitandani mpaka uvimbe ukapungua usoni, kisha akavaa shati safi akarudi kazini. Njiani alikuwa akiwaza Kolekole tu. Gershom atakuwa amefiwa, alijiambia, na hakuna aliyeiangalia.

Katika chumba cha baridi alimkuta Gershom ameketi kwenye kiti chake. Wakasalimiana. Matano akampa pole ya msiba, Gershom akampa pole ya majeraha. Halafu Matano akavuta kibodi, akaandika neno la siri kuu.

Seva ikamkataa.

Akaandika tena, polepole, akidhani vidole bado vina maumivu. Ikamkataa. Hapo akaelewa, lakini akaandika mara nyingine, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua wenyewe wamo ndani.

"Nimelibadilisha," Gershom akasema.

"Lini?"

"Ulipokuwa hupo. Tsofa alitaka."

"Tsofa hajui hata neno la siri ni nini. Ni nani aliyemwambia lipo?"

Gershom alitazama mikono yake. "Walikuja watu wa usalama. Waliuliza ni nani kutoka Likoni anayeshika mahali nyeti. Haya ni matangi ya mafuta, Matano. Mtu mmoja akikosea jambo moja, Changamwe nzima inaungua."

"Na wewe ukasema Matano."

"Niliulizwa ni nani anayeweza kuingia kila mahali. Nikasema ni mimi na wewe. Wewe ungesemaje?"

"Ningesema ni mimi na ndugu yangu."

Mtambo wa baridi ukavuma. Gershom akainuka, na alipozungumza sauti ilikuwa imebadilika. "Usiku ule, nilipokuwa chini ya nguo za mama yako, nilimsikia mmoja akiniita kwa jina. Si mbara. Gershom. Ile sauti naijua. Nimekunywa chai na mwenye sauti ile, uani kwenu. Mmoja wenu."

"Wetu?"

"Wenu."

"Mama yangu ndiye aliyekufunika," Matano akasema.

"Najua. Wallahi, najua," Gershom akasema, akiapa kwa kiapo alichojifunzia kwao. "Ndiyo sababu walipotaka kukurudisha ndani, nikawaambia hakuna haja, nitakufungia tu mashine."

Alidhani amesema jambo la kutuliza. Matano akachukua sweta lake akatoka.

Alikwenda kwa Bwana Tsofa. Meneja alimkaribisha kwa heshima zote, akamwagizia soda, akafunga mlango. "Mwanangu," akasema, "mimi mwenyewe ni mtu wa pwani. Nikikutetea, kesho watasema nawatetea wenzangu. Unaielewa hali yangu." Alikuwa anaogopa kweli. Akamhamishia getini, kwenye mizani ya malori, akaandike nambari za magari kwenye kituo kidogo, skrini na kibodi tu, kilichounganishwa na Kolekole.

Basi Matano akaingia ndani ya seva yake kama karani yeyote. Akitaka kuona zaidi ya nambari ya lori, seva ilimwambia hana ruhusa. Maneno yale yalikuwa yake. Yeye ndiye aliyeyachagua miaka ile ya kwanza, akayafanya makali makusudi, ili wahasibu wasiguse yasiyowahusu.

Johari alimfuata getini siku moja na gari la kampuni yake. "Acha kazi hii," akamwambia. "Unajidhalilisha."

"Nangoja itakapoharibika. Watakuja kuniita."

"Haitaharibika, Matano. Gershom si mjinga. Hata wewe unajua."

Alijua. Mwaka uliofuata Gershom aliileta mashine mpya, ile ya madirisha na rangi waliyoigombania Jumamosi zote. Matano alisubiri malori yapange foleni. Hayakupanga. Makarani walijifunza upesi, wakaipenda, na kazi ya getini ikawa nyepesi kuliko zamani. Kolekole ilitolewa kwa mkokoteni, ikawekwa nyuma ya ghala karibu na matairi makuukuu, na mvua ya masika ikainyea. Hakuna aliyemuuliza maoni yake. Siku ya tatu ya mvua ile aliomba ruhusa ya kwenda msalani, akaenda zake nyumbani, asirudi tena.

Alipata kazi katika chuo kidogo cha biashara Kisauni, kufundisha wasichana kupiga chapa kwenye kompyuta. Alifundisha vizuri, bila furaha. Mwanafunzi akimuuliza mfumo gani ni bora, alisema, "Ule ulio mbele yako. Andika." Watu wa Jumamosi walimwalika mara kadhaa, walikuwa wamehamia kwa Johari, Port Reitz, nao sasa wakizungumza habari za mtandao wa dunia. Alikwenda mara moja. Kijana mmoja mgeni akasema kwa bashasha kwamba katika mtandao mtu hana kabila. Matano aliweka kikombe chini, akaaga, na Johari akamsindikiza mpaka barabarani bila kumlaumu.

Kisha, jioni moja mwaka wa tisini na tisa, alifika nyumbani Shika Adabu akamkuta mama yake amekaa sebuleni, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Alikuja Gershom."

Matano akabaki wima. "Alitaka nini?"

"Anahamia Nairobi. Alikuja kuniaga. Alilia, mwanangu, mtu mzima yule, alilia hapo ulipo. Akaniomba radhi."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nimemsamehe."

"Umemsamehe kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba yangu. Chumba kilichoungua kilikuwa changu. Yako sikuigusa, nikamwambia yako ataitafuta kwako. Amesema atakungoja feri, upande huu, mpaka giza liingie."

Matano alivua viatu akavipanga ukutani. Nje bado palikuwa na mwanga. Mama yake alimtazama, akangoja.

"Nimechoka, mama," akasema.

"Si mbali."

"Najua si mbali."

Aliingia chumbani, ndani ya chumba kile kile mama yake alichomfichia Gershom, maana siku hizi mama alipendelea kulala sebuleni kwenye hewa. Akajilaza. Alimsikia mama akitembea huku na huku, akifungua mlango, akiurudisha. Hakumwita tena. Adhana ya Magharibi ilipolia, Matano aliinuka akatawadha, na wakati huo giza lilikuwa limekwisha kuingia.

Hawakuonana tena. Kwa watu alisikia kwamba Gershom anasimamia mashine kubwa za benki moja Nairobi, ana vijana wengi chini yake, na kwamba anasifiwa kwa ukali: neno la siri kuu la mashine zake hakuna mtu mwingine yeyote anayelijua. Johari ndiye aliyemletea habari hiyo, akidhani itamfurahisha au itamkasirisha. Matano alisema vizuri, akaendelea kusahihisha karatasi za wanafunzi.