Moshi wa Juzuu ya Nne

Arobaini ya marehemu Ngolo ilisomwa Nyasura, Bunda, Jumapili mchana, ili na majirani wanaotoka misani wawahi pilau. Juzuu zikagawiwa mkekani. Ya nne akapewa Ustaadh Machage, mdogo wa marehemu, na hakuna aliyebisha, maana kwa adabu za kusoma Kurani Machage hakuwaga na mpinzani kuanzia Manyamanyama mpaka Musoma mjini.

Alitawadha upya ingawa udhu alikuwa nao. Akapiga mswaki, akajipaka manukato, akaelekea kibla, akaanza taratibu, kila herufi na tajwidi yake, kwa sauti ya kuwatia aibu wenye haraka. Wenye haraka walikuwa wengi. Harufu ya pilau ilishaingia, na mwenye bucha alikuwa akifunua kurasa mbili mbili kama anayetafuta picha.

Machage alipofika Surat Nisaa, kwenye aya ya mali za yatima, moshi ukaanza kumtoka mdomoni.

"Sogea dirishani, Ustaadh," alisema mwenye bucha. "Unatuharibia kanzu."

Machage akamaliza aya kwanza, maana aya haikatwi katikati, ndipo akasogea.

Uani, Dafroza, jirani Mkatoliki aliyeshika mwiko, aliuona moshi ukielekea kwenye sufuria yake. Akafunika. Halafu akaenda mlangoni kwa Getruda, mjane wa Ngolo, aliyekuwa chumbani amekaa eda.

"Mama Sara, shemeji yako anafuka."

"Anasoma juzuu ya ngapi?"

"Nimesikia ya nne."

"Basi ni hapo hapo."

Getruda alisilimu ukubwani, alipoolewa. Wenzake walifundishwa kuisoma Kurani kabla ya kuielewa. Yeye alianza na tafsiri ya Kiswahili, ukurasa mmoja kila jioni, na akikwama anarudia.

"Imeandikwa wanaokula mali za yatima kwa dhuluma wanakula moto matumboni mwao," alisema.

Nyumba ile na fremu zake za maduka barabarani Ngolo aliwaachia watoto. Kodi ya fremu sasa anachukua Machage, na Getruda ameshaambiwa eda ikiisha arudi kwao Butiama, na watoto wake.

"Kumbe si ugonjwa," alisema Dafroza. "Nami nilitaka kumpelekea maziwa."

Akazunguka mpaka dirishani, na mwiko wake mkononi.

"Ustaadh, unajua unachosoma?"

"Dada, mimi nasoma. Maana wanazo masheikh wa juu huko." Kila neno lilitoka na moshi wake. "Na Kurani ikisomwa, watu hukaa kimya. Ni adabu."

Dafroza akarudi kwenye sufuria yake. Alikuwa ugenini.

Pilau ikaliwa. Ilikuwa na moshi kidogo, watu wakaisifu kuwa imekaa kama ya harusini. Mwenye bucha akamwomba Machage aje na kwenye hitima ya mama yake.

"Ila tukupe juzuu nyingine."

"Mimi wananijua kwa ya nne," alisema Machage, akamsogezea maji ya kunawa.

Hakumtoa Getruda hata siku moja kabla ya eda kwisha. Huo ungekuwa utovu wa adabu. Siku ilipofika alimwitia bajaji ya kwenda stendi, akampakilia godoro mwenyewe. Watoto walishabanana nyuma. Getruda alikuwa amepakata msahafu wake wenye tafsiri.

"Shemeji, isome hata mara moja kwa Kiswahili."

"Kiswahili hakina tajwidi, Mama Sara," alisema Machage, na moshi ukampitia puani. Akamtakia safari njema, akamsomea na dua ya safari, yote, bila kuruka neno.

Bajaji ilipokata kona, akasema bismillahi, akaingia ndani kwa mguu wa kulia. Fundi rangi alikuwa sebuleni akimsubiri. Aliangalia dari, akamwangalia Machage, akashauri lipakwe nyeusi moja kwa moja.