Friji la Mke Wangu

Kazi yangu ni kupima hewa. Watu wa chini ya mlima wananiita Bwana Upepo, na wakinipandishia mahitaji huniuliza kama kweli nalipwa mshahara kwa kunusa. Nawajibu ndiyo, na cheo nitapewa. Ukweli ni kwamba anayenusa ni mashine. Inavuta hewa kwa mrija kutoka juu ya mlingoti na kupima gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, zile za friji za zamani na makopo ya kupulizia, ambazo zilipigwa marufuku nikiwa kijana. Ni gesi zenye roho ngumu. Zinapungua kidogo sana kila mwaka, na kwenye kompyuta mstari wake unashuka taratibu hata mgeni akiutazama atadhani umelala tu. Mimi najua unashuka, maana nimeukodolea macho ujana wangu wote.

Hapa juu hakuna marashi, hakuna dawa ya mbu ya kupuliza, hakuna kuchoma takataka. Nikijaza chupa za hewa za kupeleka makao makuu, nasimama upepo ukinipiga usoni, nabana pumzi, nafungua chupa, nafunga, ndipo napumua. Mke wangu alikuwa akinichungulia dirishani na kucheka.

"Mke mkubwa ni hewa," alikuwa akisema. "Mimi mdogo, hata marashi sina ruhusa."

Alilalamika hivyo hivyo lakini akakaa. Alipougua na kuteremka kwenda hospitali, aliniachia maharage aliyoyapika mwenyewe na kuyagandisha kwenye makopo ya siagi. "Nikirudi nikute umeyamaliza," aliniambia. Hakurudi. Habari ziliponifikia, kopo moja lilikuwa limebaki, na tangu hapo sikuligusa. Ulikuwa mwaka wa pili. Anayetaka kunicheka na anicheke. Kila asubuhi nilifungua friji, nikaliona, nikafunga, nikaenda kazini.

Kisha mstari ukaanza kupanda. Bosi wangu wa makao makuu, binti wa umri wa kumzaa mwenyewe, akanipigia simu.

"Shikamoo, mzee wangu. Ile gesi ya friji inapanda kwako. Umeona?"

"Marahaba. Nimeona."

"Nahisi kuna watu wanaitengeneza kwa siri. Naandika ripoti wiki hii, na nikishaituma watu watasakwa. Nitafutie inatoka upande gani."

Nilichangamka, kwa sababu ilikuwa muda mrefu hakuna aliyenihitaji kwa jambo zito. Nikalinganisha mipando ya mstari na mwelekeo wa upepo. Gesi ilipanda pale tu upepo ulipotokea upande wa nyumba yangu. Nikarudia hesabu nikiomba niwe nimekosea. Mwishowe nikachukua chupa tupu, nikaijaza hewa ya jikoni, nyuma ya friji, na kuiunganisha na mashine. Mstari ulipaa hadi ukatoka nje ya kioo.

Aliyetuuzia friji lile kuukuu aliapa kwamba lilishabadilishwa gesi. Muongo wa kutupwa. Tulilipandisha huku wenyewe, mke wangu akilishika kwa nyuma na kunisimamia kama fundi mkuu.

Nilizunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikinyamaza, kopo linabaki kwenye barafu, na huko chini watu wasio na hatia wanasakwa kwa gesi yangu. Nikisema, friji linazimwa na kopo linayeyuka. Hayo ndiyo yalikuwa maharage yake ya mwisho duniani. Niliogopa, tena sana, kuliko nilivyoogopa siku ya mazishi.

Nikapiga simu.

"Asisakwe mtu," nikamwambia bosi. "Ni friji langu. Linavuja."

Alishusha pumzi, kisha akacheka. "Mzee wangu, ungeniaibisha mbele ya dunia nzima. Basi vipimo vya saa zile upepo ulipotokea nyumbani kwako tutaviweka kando. Fundi atakuja kesho kulinyonya gesi na kulishusha. Jipya utaletewa bajeti ikipita."

Bajeti zetu nazijua.

Fundi wa friji alikuja na mtungi na pampu, mtu mpole, asiye na maneno mengi. Alitoa vilivyomo akaviweka mezani: maziwa, nyanya, kopo.

"Hili limeganda kama jiwe. Nikuwekee kwenye friji la dukani kwangu, kaka, mpaka upate lingine?"

Nililifikiria kopo la mke wangu likikaa gizani miongoni mwa samaki wa watu, mbali nami. "Hapana," nikasema. "Acha hapo."

Alipoondoka na friji, pale lilipokuwa pakabaki mraba safi sakafuni. Sikujua kama friji lilikuwa na kelele mpaka zilipokatika. Nilikaa nikilitazama kopo likitoa jasho mezani. Maharage yalipolainika niliyamimina sufuriani, nikayapasha moto, nikakaa upande wangu wa meza.

Nikaonja. Ni yeye kabisa.

"Chumvi imezidi," nikasema kwa sauti, kama nilivyokuwa nikisema siku zote.

Nikangoja aniambie nipike mwenyewe.