Chupa Moja, Wodi Mbili

Ofisini, kwenye kampuni ya programu za kompyuta, walimwita Kobe kwa sababu hakuachia kazi mpaka aipitie mara mbili tatu. Mdogo wake, ambaye Kobe mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi humo humo, alikuwa kinyume chake: vidole vyepesi, mdomo mwepesi zaidi. Ndiye aliyeandika ile sehemu ya programu ya hospitali inayowatengea wagonjwa damu.

Asubuhi moja habari mbaya zikaingia. Mama mmoja alikuwa amefia mezani, akijifungua kwa upasuaji. Kabla ya kumpasua, daktari aliuliza kama damu ya kundi lake ipo, na kompyuta ikajibu: imetengwa. Muuguzi alipokwenda kuichukua, chupa ilikuwa imeshakwenda kwa majeruhi wa ajali wodi nyingine, naye alikuwa ametengewa hiyo hiyo. Mtunza damu aliyeitoa akasimamishwa kazi.

"Nimeona kwa macho yangu haya," mtunza damu, mama wa watu, aliapa. "Kompyuta iliniambia mpe, nikatoa."

"Mashine haina sababu ya kusema uongo," meneja wa kampuni akasema, akaendelea na kikao. Maneno yale hayakumshuka Kobe.

Akajifungia chumba cha majaribio. Akaweka chupa moja tu ya mfano, kisha akaziachia nyuzi mbili, yaani kazi mbili ambazo programu huziendesha kwa pamoja, ziiombe kwa wakati mmoja. Moja ikapewa, nyingine ikanyimwa. Akarudia, akarudia tena, mpaka chai yake ikaota utando. Ghafla zote mbili zikajibiwa: imetengwa.

Akamwita mdogo wake.

"Tazama hapa. Uzi huu unasoma idadi: moja. Kabla haujapunguza, na huu mwingine unasoma: moja. Kila uzi unaondoka na chupa ile ile."

Kijana alisawajika uso. "Dogo hilo, kaka. Naifanya hesabu iwe ya atomiki, yaani kupunguza kusikatizwe na kitu."

Akaandika haraka haraka. Kobe akajaribu tena. Muda si muda nyuzi zote mbili zikapewa, na salio likasoma hasi moja.

"Umeziba huku, kule kumebaki wazi," Kobe akasema. "Bado unauliza kwanza, ndipo unapunguza. Viwe tendo moja: kama ni moja bado, ifanye sifuri; kama imeshabadilika, kataa. Katikati pasipenye hata sindano."

Wakaandika pamoja, bega kwa bega, kama zamani walipokuwa wakifanya hesabu za shule. Mchana kutwa waliijaribu, haikuteleza tena.

"Basi," mdogo mtu akasema, akijifuta jasho. "Tuiweke kimya kimya. Nani atajua?"

"Na mtunza damu?"

"Atapata kazi kwingine."

"Na marehemu?"

"Kunitaja mimi kutamfufua? Kaka, tumenyonya ziwa moja sisi."

Kobe aliinuka, akagonga mlango wa meneja, akaeleza yote toka mwanzo.

Mtunza damu aliitwa arudi. Alikuja kuchukua viatu vyake vya kazi, basi. "Siwezi tena kumwambia mtu kwamba damu ipo," alisema, akaenda zake. Mdogo mtu alifukuzwa. Jioni hiyo hiyo alikusanya nguo zake katika nyumba waliyokuwa wakikaa pamoja, wala hakuaga. Kisha mama yao akapiga simu.

"Umemuuza mwenzako," alisema, akakata.

Siku ya mapumziko Kobe alikwenda kwa mume wa marehemu. Alimkuta jikoni, kitoto kichanga alichoachiwa na marehemu kimelala begani mwake. Akamweleza kwa lugha nyepesi kadiri alivyoweza, naye akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kwa hiyo hizo nyuzi zenu," mwanamume akauliza, "zilipishana kwa muda gani?"

"Hata kufumba na kufumbua ni kwingi."

Yule bwana alitikisa kichwa polepole. Hakutukana, hakulia. Kobe alisubiri angalau afukuzwe.

"Samahani," mwenye nyumba akasema, akigeukia jiko. "Maziwa ya mtoto yanafurika."