Lita Tisa za Mkaguzi Emilian

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, Emilian Tarmo alivaa soksi ya tatu mguu wa kushoto, nayo ikalowa kabla hajafunga kamba za kiatu. Mkewe Lusia, aliyekuwa akimenya viazi, akamsogezea beseni la kufulia.

"Weka mguu humo, Baba Goodness. Sakafu nimeshapiga deki."

Emilian akaweka. Kisiginoni mwake mlichuruzika maji ya kahawia yenye harufu ya betri chakavu, dawa ya kunyunyizia vitunguu na oili chafu ya magari ya watalii. Harufu hiyo aliijua vizuri. Ilikuwa ya shimo lake.

Shimo hilo la taka za sumu lilichimbwa kijijini Buger mwaka uliotangulia, na mkaguzi alikuwa yeye. Kiwango kilitaka udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, juu yake tabaka mbili za nailoni nzito, kila moja milimita moja na nusu, na katikati ya tabaka hizo bomba la kuonyesha kama kunavuja. Emilian alikuwa mtu wa viwango. Alitembea na maikromita mfukoni mwa shati kama padri na rozari yake, na aliwahi kupima chapati za mkewe akamwambia hazina unene sawa. Alishangaa kulala na njaa siku ile.

Siku ya ukaguzi mkandarasi alimkaribisha kwanza supu ya mbuzi. Emilian aliposhiba, akapima nailoni pale ilipofikika bila kuinama sana, ukingoni, ambapo mafundi walikuwa wameikunja ikalaliana. Milimita moja na nusu kamili! Akatia saini kwa mbwembwe. Tabaka la pili hakuliona, lakini aliambiwa liko chini ya la kwanza, na mtu aliyeshiba haoni sababu ya kubisha.

Aliyebisha alikuwa Mama Martha, mjane ambaye chemchemi yake iko bondeni chini ya shimo. Aliokota udongo, akausokota viganjani uwe kamba, ukakatika kabla haujafika urefu wa kidole.

"Huu haushiki, mwanangu. Mimi sikandikii hata banda la kuku."

Emilian alimweleza kwa upole kwamba udongo umeshapimwa maabara. Alitumia hata neno "kitaalamu", na kila akilikumbuka siku hizi hutamani kujificha chini ya kitanda.

Kisigino kilianza kwa lita nne kwa siku. Mvua za masika ziliposhika kikafika lita tisa. Emilian alipima kwa jagi la plastiki, akaandika kila siku, maana kuvuja bila rekodi aliona ni uzembe. Kiwango kilisema uvujaji ukizidi lita tano, shimo litolewe taka zote na nailoni itandikwe upya. Akapeleka ripoti ofisini kwa mkuu wake, Bi. Radhia, pamoja na beseni.

Bi. Radhia aliinua pindo la gauni lake lisiguse beseni, akasoma kurasa zote.

"Bomba la shimoni linasemaje?"

"Ni kavu, bosi. Halikuunganishwa na kitu."

"Basi shimo halivuji. Kiwango kinasema uvujaji upimwe kwenye bomba. Hakisemi upimwe kwenye mkaguzi."

Emilian alikubali. Kifungu hicho alikuwa amekifundisha yeye mwenyewe kwenye semina, akapigiwa makofi.

"Tunaweza kulifukua tukaangalia," Bi. Radhia akaongeza. "Ila saini ni yako. Utaeleza ulipima wapi."

Emilian alimfikiria Goodness aliyekuwa kidato cha tatu, akafikiria pensheni, akaogopa. Alibeba beseni lake taratibu lisimwagikie zulia la ofisi, akaondoka.

Kila wiki alikwenda Buger kuandika kwamba bomba ni kavu. Kila wiki alimkuta Mama Martha akiteka maji.

"Mama, uwe unachemsha," alimwambia.

"Nachemsha, mwanangu. Nawe funga hicho kisigino, unavuja."

Alijua vizuri kwamba sumu ya risasi itokayo kwenye betri haiondoki kwa kuchemsha. Alijua hata kifungu kinachosema hivyo.

Mwishoni mwa Juni kisigino kikakauka. Lusia alirudisha beseni kwenye nguo. Bi. Radhia alimwandikia barua ya pongezi kwa shimo lililopita masika bila kuvuja. Emilian akapanda pikipiki mpaka Buger, akasimama ukingoni akachungulia. Mapipa yalikuwa yamelala juu ya nailoni kavu kabisa. Kila kilichokuwa cha maji kilikuwa kimeshuka, na hakukuwa na cha kuvuja tena.

Mama Martha alimwita kutoka bondeni.

"Injinia! Naona umekauka!"

"Nimekauka, mama."

"Mungu ni mwema. Karibu chai, maji nimeteka sasa hivi."

Alimmiminia kikombe, akajimiminia chake, akaketi. Mvuke ulipompanda puani, Emilian aliisikia harufu ileile. Mama Martha alikuwa ameshapiga mafunda mawili, akimtazama kwa furaha. Kukataa kungedai maelezo, na maelezo yangeanzia kwenye ule ukingo uliokunjwa. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Tamu," akasema.

Akainywa yote. Mama Martha akamwongeza.