Adelgunda Kwenye Bonanza

Haijapata kutokea hapa Nyaishozi, mzee wa kanisa, tena mama mtu mzima, kukaa kwenye mashine za kamari, bonanza, saa tatu nzima bila kucheza hata mia mbili! Adelgunda alikaa. Alikuwa na lake moyoni.

Yeye ndiye aliyenadi mavuno ya sadaka kila Jumapili baada ya ibada, na mnada ulikuwa umedorora. Wanaume walivuka barabara kwenda kwenye mashine za Rogasian, kijana wa Muleba. Kanisa lilikuwa halina paa, na mvua za vuli zilishapiga hodi. Jumapili hii bati zisiponunuliwa, watu watasali wakilowa.

Basi akatazama, na loo, akavutiwa! Anayeshinda, sarafu zinamwagika kwa kishindo hadi barabarani, anayeliwa, kimya. Mshindi wa jana anapewa kiti cha mlangoni, wapita njia wamwone. Kila mtu anaitwa kwa jina, analetewa soda. Na mashine yenyewe, mjanja huyo! Picha mbili za matunda zinalingana, ya tatu inapitiliza kidogo tu, nawe unaapa safari ijayo hukosi.

"Mtoto ana akili huyu," Adelgunda akanong'ona. Hakuona haya kumsifu.

Jumapili akahamishia mnada getini. Kila aliyelipa, sarafu zake alizimwaga kwenye sufuria kutoka juu, zilie. "Mzee Cassian, umekosa kwa mia tano tu! Unaacha mkungu huu wa ndizi uende kijiji cha Rugu?" Adelgunda akanadi. Na kwa kuwa mnunuzi wa mnada wa kanisa huurudisha mzigo unadiwe tena, mkungu mmoja ukauzwa mara saba.

Rogasian akaja kuona wateja wake wamepotelea wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Rogasian mwanangu! Mpeni kiti cha mbele, na chai!"

Amekwisha huyo. Alipozinduka, mfuko mtupu, mkungu uko begani, na hela za bati zimetimia. Watu wakamzunguka wakiimba, wengine machozi yanawatoka kwa furaha.

Rogasian akamsogelea Adelgunda, uso umebadilika.

"Mama, ujanja wangu wote umeuchukua, nimeona. Lakini wateja wangu wakiishiwa hutoka vichwa chini. Hawa hawana hata senti, na wanaimba. Unafanyaje?"

Adelgunda alitamani kujigamba, akashindwa.

"Hilo silijui, mwanangu," alisema. "Hilo sikujifunza kwako."